Kilimo cha kuhuisha udongo na kilimo mseto cha jadi: Panapokutana na panapoachana

KILA msimu wa mavuno unapomalizika katika maeneo makavu ya Machakos, Makueni na Kitui, mkulima mwenye ng'ombe wawili na ekari mbili hukabiliwa na swali moja: mabua ya mahindi yaliyobaki shambani yakatwe na kupelekwa zizini, au yaachwe pale pale yaufunike udongo? Swali lenyewe laonekana dogo. Hata hivyo, ndilo linalotenganisha mifumo miwili ya ukulima ambayo siku hizi hutajwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja: kilimo mseto walichotuachia wazee wetu, na kile kinachoitwa kilimo cha kuhuisha udongo, ambacho mashirika, wafadhili na kampuni za vyakula wanakipigia debe kote barani.

Inafaa kwanza kuondoa utata wa maneno. Humu nchini, tunaposema kilimo mseto aghalabu tunamaanisha ukulima wa mimea na ufugaji katika boma moja. Majirani zetu wa Tanzania hulitumia jina hilo hilo zaidi kwa upanzi wa miti pamoja na mimea ya chakula. Katika makala haya tutashika maana ya kwanza: ng'ombe, mbuzi na kuku upande mmoja, mahindi, mtama, kunde na mbaazi upande wa pili, na samadi ikiwa ndiyo daraja baina yao.

Jina la mfumo wa pili ni geni. Lilienezwa mapema katika miaka ya 1980 na Robert Rodale, mchapishaji wa Marekani ambaye familia yake ilikuwa na shamba la utafiti katika jimbo la Pennsylvania. Hoja yake ilikuwa kwamba haitoshi kuidumisha ardhi katika hali iliyomo. Ardhi iliyochoka yapaswa kuachwa ikiwa bora kuliko ilivyopokewa. Rodale alifariki mnamo 1990, na neno lake likafifia kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa na kampuni kubwa. General Mills ilitangaza mnamo 2019 kwamba ingeeneza mbinu hizo katika ekari milioni moja kufikia 2030, na PepsiCo ikafuata mnamo 2021 kwa ahadi ya ekari milioni saba. Hadi leo hakuna ufafanuzi mmoja unaokubaliwa na wote. Yanayorudiwa na wengi ni haya: udongo usipigwe plau, au ulimwe kidogo mno, uwe umefunikwa mwaka mzima, mimea ichanganywe na kupokezana, mizizi hai ikae udongoni kwa muda mrefu iwezekanavyo, na mifugo irejeshwe shambani.

Msomaji aliyekulia kijijini atauliza papo hapo: kipya hapo ni kipi? Swali lake ni la haki. Albert Howard, mwanasayansi Mwingereza aliyefanya kazi India kwa zaidi ya miaka 20 na kubuni utaratibu wa kutengeneza mboji uliopewa jina la mji wa Indore, alikiri waziwazi kwamba walimu wake walikuwa wakulima wa huko. Kitabu chake cha 1940 ndicho kilichomzindua Jerome Rodale, babake Robert. Kwa hivyo sehemu ya maarifa yanayoletwa kwetu leo na lebo ya Marekani yalichotwa kwanza kwa wakulima wadogo wa Asia.

Hata hivyo, kufanana si kuwa sawa. Ili kuona tofauti, sharti tuangalie jinsi kilimo mseto cha jadi kilivyofanya kazi.

Wengi huamini kwamba ng'ombe hutengeneza rutuba. Hatengenezi, huihamisha. Mchana ng'ombe alikula nyasi malishoni, pengine kilomita kadhaa kutoka nyumbani, na usiku akaacha kinyesi na mkojo ndani ya boma. Mwaka baada ya mwaka, naitrojeni na fosforasi kutoka eneo pana la malisho zilikusanywa na kumwagwa katika kishamba kidogo karibu na nyumba. Ndiyo maana hadi leo udongo ulio karibu na boma huwa mweusi na wenye nguvu, na ule wa mbali huwa mwekundu na dhaifu. Shamba lililochoka liliachwa likae bila kulimwa kwa miaka mingi, kichaka kikaota, nalo likajirejesha lenyewe.

Mfano mashuhuri wa mfumo huu uko ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kihamba cha Wachaga kina migomba, kahawa, viazi vikuu, miti mirefu ya kivuli na ng'ombe wanaolishwa zizini. Udongo wake hufunikwa mwaka mzima na mizizi hai haikosekani, hivyo ukikipima kwa vigezo vya leo vya kuhuisha udongo kinapita bila taabu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua mnamo 2011 kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Lakini nyasi za ng'ombe hao zilikuwa zikipandishwa mlimani vichwani mwa akina mama kutoka nyanda za chini. Rutuba ya kihamba ilikuwa na mahali ilikotoka, na ilikuwa na mbebaji.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kilimo mseto cha jadi kilihitaji malisho mapana na mashamba ya kupumzishwa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Vihiga ina zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba. Mahali kama hapo malisho ya pamoja hayapo tena, na hakuna wa kuliacha shamba lipumzike miaka kumi. Anayemshauri mkulima wa Vihiga arudie tu desturi za mababu anamshauri arudie nusu ya mfumo, maana nusu ya pili imekwisha kugawanywa viwanja.

Historia ya Ukambani yatufunza mengi kuhusu hali hiyo. Mnamo 1937, Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyehusika na uhifadhi wa udongo, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu Machakos, akiwaona wakazi wake kuwa wanaelekea ufukarani na ardhi yao kuwa jangwa. Serikali iliamua kwamba kosa ni la ng'ombe. Mwaka uliofuata ilianza kuwakamata na kuwauza kwa nguvu, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilihitaji mifugo. Muindi Mbingu aliongoza umati wa Wakamba hadi Nairobi kupinga hatua hiyo. Serikali ililegeza kamba, ingawa yeye mwenyewe alihamishiwa Lamu kama mfungwa. Hakuna aliyewaeleza wenye mifugo kwamba sehemu ya malisho yao ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na kwamba kubanana huko ndiko kulikokwangua udongo.

Baada ya hapo kulikuja kazi za lazima za kuchimba makinga maji, kazi zilizochukiwa Ukambani na kuzua maasi Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1940. Ajabu ni kwamba shuruti ilipopungua, wakulima wa Machakos walianza kuchimba kwa hiari yao kupitia vikundi vya mwethya. Waliipenda mbinu ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kwa kufuata usawa wa mteremko na mchanga wake kurushwa upande wa juu. Ukingo hujengeka, mvua huuletea udongo, na baada ya miaka kadhaa mteremko hugeuka ngazi. Jina hilo la Kiswahili sasa linatumika katika vitabu vya kilimo vya lugha nyingi bila kutafsiriwa.

Mnamo 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoshangaza wengi. Walionyesha kwamba wakazi wa Machakos waliongezeka kutoka takriban 240,000 mapema katika miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka wa 1989, ilhali mmomonyoko wa udongo ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda. Picha zilizopigwa na Maher na wenzake zililinganishwa na za mahali pale pale baada ya nusu karne: pale palipokuwa na makorongo paliota miembe na makinga maji yaliyoshikwa kwa nyasi.

Je, huo haukuwa uhuishaji wa udongo? Ulikuwa, na ulifanywa na wakulima wa kilimo mseto ambao hawakuwa wamelisikia neno lenyewe. Lakini walitumia plau ya kukokotwa na maksai, jambo ambalo wahubiri wa kilimo kipya hulikemea. Pia walihitaji fedha. Kahawa, matunda na mishahara iliyotumwa kutoka Nairobi na Mombasa ndivyo vilivyolipia majembe, maksai na vibarua. Wakosoaji waliofuata walisema, na kwa maoni yangu walisema kweli, kwamba aliyekuwa na jamaa mwenye kazi mjini ndiye aliyehuisha shamba lake, huku jirani asiye na jamaa kama huyo akibaki na udongo mwekundu.

Kwingineko nchini, kilimo mseto kilibadilishwa na mpango wa Swynnerton wa 1954, uliokusanya vipande vya ardhi, ukatoa hatimiliki na kuwaruhusu Waafrika wengi zaidi kulima kahawa na majani chai na kufuga ng'ombe wa gredi. Kisha zikaja mbegu chotara za mahindi kutoka Kitale, ya kwanza mashuhuri ikiwa H611 ya mwaka wa 1964, na pamoja nazo mbolea ya dukani. Wimbi na mtama vikasukumwa kando. Mavuno yalipanda, na si haki kuyabeza mafanikio hayo. Ila katika Bonde la Ufa kaskazini, matumizi ya mbolea ya DAP kila msimu bila chokaa yamechangia kuufanya udongo kuwa na asidi, na mahindi yaliyopandwa katika udongo wa namna hiyo hayawezi kuifaidi vyema fosforasi iliyonunuliwa kwa bei ghali.

Na bei iligeuka kidonda kibichi. Mnamo 2022, baada ya vita vya Ukraine kuzuka, gunia la kilo 50 la mbolea lilipita Sh6,000. Serikali ililishusha hadi Sh3,500 kwa ruzuku mwezi Septemba mwaka huo, na baadaye Sh2,500. Wakati wa makali hayo ndipo wengi waliposikiliza kwa makini waliokuwa wakisema kwamba rutuba inaweza kupatikana bila duka.

Yawezekana? Hebu tupige hesabu. Gunia la kilo 90 la mahindi makavu huondoka shambani na takriban kilo moja na robo hadi moja na nusu ya naitrojeni, na karibu robo kilo ya fosforasi. Mkulima anayevuna magunia 20 kwa ekari ameuza au kula karibu kilo 28 za naitrojeni na kilo tano za fosforasi. Naitrojeni yaweza kurejeshwa na mimea jamii ya kunde, ambayo huivuta kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Fosforasi haitoki hewani. Haitoki pia kwa mbaazi wala kwa ng'ombe aliyekula majani ya shamba hilo hilo. Katika sehemu nyingi za Magharibi ambako udongo ni haba wa madini hayo, shamba lisilopokea fosforasi kutoka nje litaendelea kufifia hata likifunikwa vizuri namna gani. Gunia moja la DAP lina takriban kilo kumi za fosforasi, yaani mavuno mawili ya kiwango hicho. Wanaohubiri kwamba mbolea ya dukani ni sumu tupu wanalikwepa jambo hili.

Samadi nayo yataka uangalifu kuliko inavyopata. Karibu nusu ya naitrojeni anayotoa ng'ombe imo katika mkojo, ambao kwenye mazizi mengi hupotelea ardhini. Kinyesi kinachorundikwa juani bila kufunikwa hupoteza sehemu kubwa ya naitrojeni iliyobaki kabla hakijafika shambani. Sakafu ngumu yenye mfereji, matandiko ya nyasi kavu na kifuniko cha majani ya migomba huleta faida kubwa kuliko semina nyingi zilizowahi kuandaliwa hotelini.

Sasa turudi kwenye mabua. Kanuni ya kuufunika udongo yahitaji takriban tani moja ya mabua kwa ekari ili theluthi moja hivi ya ardhi isionekane. Wastani wa mavuno ya mahindi nchini ni kati ya tani moja na nusu na tani mbili kwa hekta, yaani magunia saba hadi tisa kwa ekari, na mabua ya mavuno hayo ndiyo hiyo tani moja, au pungufu. Tani hiyo hiyo humlisha ng'ombe mmoja kwa takriban siku 100. Haiwezi kufanya kazi zote mbili. Ikipitia tumboni mwa ng'ombe, sehemu kubwa ya kaboni hutoweka kama pumzi, ingawa madini mengi hurudi kwa njia ya samadi, na familia hupata maziwa na karo ya shule. Ikiachwa shambani huzuia matone ya mvua kuupiga udongo na kuhifadhi unyevu, ikiwa mchwa hawataimaliza kabla ya mvua kurejea. Zaidi ya hayo, Ukambani na Magharibi kuna desturi kwamba baada ya mavuno ng'ombe wa jirani huingia shambani kujilisha. Anayetaka kuyaacha mabua yake ardhini sharti ajenge ua au avunje ujirani.

Mnamo 2009, Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen na wenzake walichapisha makala iliyowaudhi watetezi wa kilimo kisichotumia plau. Walihoji kwamba mbinu zilizofana katika mashamba makubwa ya Brazil na Marekani huenda zisimfae mkulima mdogo wa Afrika, kwa sababu ya ushindani huo wa mabua na kwa sababu magugu huongezeka plau inapoachwa. Mzigo wa kupalilia huwaangukia wanawake. Njia ya mkato ni dawa ya kuua magugu, aghalabu yenye glifosati, na hapo mtu ana haki ya kuuliza ni udongo gani unaohuishwa kwa dawa ya kuua mimea.

Hata pale kanuni zote zinapofuatwa, matumaini yapaswa kuwa na kiasi. Katika jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Kabete mnamo 1976, mahindi yakipokezana na maharagwe, kaboni ya udongo ilishuka katika vipande vyote, hata vile vilivyopewa samadi, mbolea na mabua kwa pamoja. Vilivyopewa vyote vilishuka polepole zaidi na kutoa mavuno bora. Katika hali nyingi zetu, kinachoitwa kuhuisha ni kuchelewesha uchovu, na hilo si jambo la kudharauliwa.

Mbinu inayokaribia zaidi kuupatanisha udongo na ng'ombe ilizaliwa hapa hapa. Katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha kimataifa cha wadudu, ICIPE, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kuwazuia viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda nyasi za napier kuzunguka shamba ili ziwavute nondo, na desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili iwafukuze kwa harufu. Ndipo wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia: palipokuwa na desmodiamu, kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo, kilitoweka. Mizizi ya desmodiamu huzichochea mbegu za gugu hilo kuota, kisha huuzuia mche wake kujishikiza kwenye mizizi ya mahindi, nao hufa kabla ya kuchomoza.

Uzuri wa mbinu hii, inayojulikana kama vuta-sukuma, ni kwamba desmodiamu na napier zote mbili ni lishe. Ng'ombe akishapata hizo, mabua yaweza kubaki shambani. Desmodiamu huufunika udongo mwaka mzima na kuuongezea naitrojeni. Mavuno yaliyoripotiwa na watafiti wake yalipanda kutoka tani moja hivi kwa hekta hadi tatu na zaidi mahali palipokuwa na kiduha kingi. Kasoro hazikosi. Mbegu za desmodiamu ni ghali na ndogo mno, mwaka wa kwanza kazi ya kupalilia ni kubwa, na anayekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kupanda kitu kitakachomfaa mwenye ardhi. Napier nayo ilishambuliwa na ugonjwa wa kudumaa katika Magharibi, na kwa maeneo makavu ikabidi nyasi za brakiaria zichukue nafasi yake. Kwa wenye kishamba kidogo wanaotegemea napier, mbinu ya tumbukiza, yaani kuipanda katika mashimo makubwa yaliyojazwa samadi, huiongezea nguvu wakati wa kiangazi.

Lililobaki ni la fedha. Kilimo mseto cha jadi hakikuhitaji cheti cha mtu. Kilimo cha kuhuisha udongo huja mara nyingi na ahadi ya malipo ya kaboni. Mradi wa kwanza wa aina hiyo kupata hati za kaboni kwa usimamizi bora wa mashamba madogo ulikuwa wetu: ule wa shirika la Uswidi la Vi Agroforestry katika maeneo ya Kisumu na Kitale, ukisaidiwa na Benki ya Dunia. Mnamo Januari 2014 ulipewa hati za tani 24,788 za hewa ya ukaa. Wakulima walioshiriki walikuwa karibu 30,000. Ukigawanya, kila mmoja alipata chini ya tani moja, na tani moja ya kaboni siku hizo haikutosha kununua hata kuku wawili. Faida yao ya kweli ilitoka katika mavuno na ushauri wa maafisa wa nyanjani.

Mabadiliko ya Sheria kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka wa 2023 yanataka miradi ya kaboni ya ardhi inayoendeshwa katika ardhi ya umma na ya jamii iwape wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato. Mkulima mwenye hatimiliki yake binafsi halindwi na kipengele hicho. Kinga yake ni mkataba anaoutia sahihi, na mingi huandikwa kwa Kiingereza. Kabla ya kuutia sahihi, inafaa aulize ni kwa miaka mingapi atakatazwa kupiga plau, na iwapo ukame ukimlazimu kuwapa ng'ombe mabua yote atatozwa nini.

Wengi Ukambani hawajasubiri jibu la wataalamu. Hukata majani na sehemu laini za juu za mabua wakawapelekea ng'ombe, kisha mashina magumu ya chini, ambayo ng'ombe hayapendi, wakayalaza kwa mistari juu ya ukingo wa fanya juu, ambako hukinga maji ya mvua ya kwanza na kuoza polepole kabla ya msimu wa kupanda.